Mionzi imeisha wiki kumi zilizopita, mbona naona nazidi kuwa hoi?

SWALI: "Habari dokta. Nina miaka 54, nilikutwa na kansa kooni, kwenye tonsesi ya kulia, na ilikuwa imeshashuka kwenye tezi za shingo. Nimepigwa mionzi mara 35 pamoja na kemo, sasa hivi nina wiki ya kumi tangu nimalize. Kila mtu ananipa hongera eti nimepona ila mi najiona niko vibaya kuliko siku naanza. Mdomo mkavu, usiku naamka ulimi umegandia juu, chakula hakina ladha, taya linakaza. Bado nina mrija tumboni na natumia huo kwa kila kitu maana nikimeza napaliwa, nikaona bora koo lipumzike lipone kwanza. Chini ya kidevu pamevimba na asubuhi panakuwa pakubwa zaidi. Nikiinamisha kichwa napata shoti inashuka mgongoni mpaka miguuni. Nimeomba skani, daktari wangu kasema mpaka wiki ya 12. Je kansa imerudi? Halafu jino la nyuma chini kulia linaniuma sana nataka nikaling'oe wiki hii. Jirani nae anasema nisimpakate mjukuu eti mionzi bado imo mwilini. Sigara nimepunguza, navuta moja moja tu. Naomba msaada."

JIBU: Kaka pole sana. Naomba nianze na kitu ulichokitaja kama cha kupita tu, maana ndicho chenye haraka kuliko vyote: hilo jino usiende kuling'oa wiki hii. Sijasema ukae na maumivu, nimesema usiling'oe kwa mtu ambaye hajui kwamba taya lako limepigwa mionzi.

Sababu ni hii. Mionzi ya kutibu tonsesi ya kulia lazima ipite jirani na mfupa wa taya la chini upande huohuo, hasa kule nyuma kwenye magego, na huko ndiko jino lako liliko. Mfupa uliopata dozi kubwa mishipa yake midogo ya damu inasinyaa taratibu na seli za kujenga mfupa zinapungua, kwa macho unauona uko vilevile ila ukiujeruhi hauna tena uwezo wa kujiponya kama zamani. Mtu mwingine aking'olewa jino lile shimo linaziba ndani ya wiki chache anasahau, kwako linaweza lisizibe kabisa, mfupa ukabaki wazi, vijidudu vikaingia na mfupa ukaanza kufa kipande kwa kipande. Hatari ni kubwa zaidi pale mfupa ulipopata zaidi ya grei 60 (grei ndio kipimo cha dozi ya mionzi, na mtu wa mara 35 kawaida anakuwa amefika 70 pale penye uvimbe wenyewe). Na hii hatari haina tarehe ya kwisha, watu wanapata shida hii hata miaka kumi baada ya mionzi kwa sababu tu walikaa kwenye kiti cha daktari wa meno wakasahau kusema.

Sasa usije ukasema basi ngoja liozee humohumo, hapana, jino lenye usaha nalo linaambukiza mfupa uleule. Piga simu kitengo kilichokupa mionzi, kesho, waambie una jino linauma upande uliopigwa, wao watakupeleka kwa daktari wa meno anayejua wagonjwa wa aina yako. Huyo ana njia nyingi kabla ya kung'oa: kuziba, kusafisha mzizi na kuujaza, au hata kukata kichwa cha jino akaacha mzizi ndani ili mfupa usiguswe. Ikionekana hakuna namna ila kung'oa, basi ing'olewe na daktari wa upasuaji wa kinywa na taya, ambaye ameangalia ramani ya dozi yako na atakufuatilia mpaka shimo lizibe. Ukiona shavu limevimba, homa, au usaha unatoka, hapo sio mambo ya kesho, unaenda siku hiyohiyo.

Mjukuu mpakate. Mionzi uliyopata ilitoka kwenye mashine nje ya mwili, inapita, inafanya kazi yake, mashine ikizimwa hakuna kinachobaki ndani yako cha kumdhuru mtu mwingine. Wapo wagonjwa wanaowekewa vyanzo vya mionzi ndani ya mwili na hao wanapewa masharti yao, wewe sio mmoja wao. Jirani yako amechanganya vitu viwili ila nadhani alikuwa na nia njema.

Haya, swali kubwa: kansa imerudi? Mimi sijakuona wala kukugusa shingo kwahiyo siwezi kukutolea hukumu hapa, ila katika yote uliyoandika hakuna hata moja ambalo ningeliita dalili ya kansa kurudi, kila moja lina maelezo yake na yote ni mambo tunayoyaona kwa watu wanaoendelea vizuri. Shida iko kwenye hiyo hongera ya "umepona". Watu wanadhani siku ya mwisho kwenye mashine ndio siku mwili unaanza kupanda, na mgonjwa nae anaamini, halafu anashangaa anashuka.

Mionzi haiui seli palepale kwa kuichoma. Inavunjavunja vinasaba vyake, na seli nyingi zinakuja kufa baadae pale zinapojaribu kugawanyika. Ngozi laini ya ndani ya mdomo na koo inagawanyika haraka, kwahiyo inaumia mapema, vidonda vinakuwa vibaya kuliko wakati wote wiki moja au mbili BAADA ya kumaliza, halafu vinaanza kupona, na wengi kufika wiki ya sita au ya nane vimeshafunga. Ila misuli, mishipa midogo ya damu, neva na tishu za kuunganisha zinakwenda polepole sana, hizo madhara yake ndio kwanza yanajionyesha miezi kadhaa baadae. Wewe wiki ya kumi uko katikati ya mizunguko miwili: madhara ya haraka yanaondoka, yale ya polepole yanaingia. Ndio maana unaona kama hakuna nafuu.

Na hiyo ya skani, daktari wako yuko sahihi kabisa, usigombane nae. Kipimo cha PET, ndiyo hiyo skani, kinafanya kazi kwa kukudunga sindano ya sukari yenye chembechembe za mionzi kidogo, halafu kuangalia wapi sukari inaliwa kwa wingi. Kansa inakula sukari, lakini hata tishu iliyojeruhiwa na inayopona inakula. Ukipima mapema koo lako lote litawaka kwenye picha na utaishia kuchomwa sindano za kutoa nyama na kukosa usingizi kwa kitu ambacho sio kansa. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2016, wagonjwa 564, nusu walipangiwa upasuaji wa shingo na nusu wakasubiri PET ya wiki 12 kisha wakafanyiwa upasuaji wale tu ambao picha ilionyesha kuna shaka. Waliosubiri hawakufa zaidi ya wenzao, na wengi wao, kama wanne kwa kila watano, hawakuhitaji kisu kabisa. Kwahiyo hizo wiki mbili zilizobaki hupotezi muda. (Na kwa taarifa yako hiyo stori ya sukari kwenye skani ndio watu wanaigeuza kuwa "sukari inalisha kansa usile kitu kitamu". Mtu aliyekonda baada ya mionzi anahitaji nguvu, sukari tatizo lake kwako ni meno.)

Sasa tuje kwenye hilo ambalo ningetaka ulibadilishe leoleo, mrija. Umesema unaliacha koo lipumzike lipone kwanza. Naelewa, ni wazo la busara ukiliangalia juujuu, ukivunjika mguu unaupumzisha. Ila kumeza ni kazi ya misuli zaidi ya 20 inayofuatana ndani ya sekunde moja hivi, na misuli hiyo ikiwa haifanyi kazi inanywea, na wakati inanywea mionzi nayo inatengeneza kovu katikati yake, kwahiyo ukija kuamka mwezi wa sita baada ya mionzi ukasema sasa nimepona ngoja nile, unakuta koo halifunguki. Kinachofanya koo lipone ni kumeza kwenyewe. Wanaoendelea kumeza hata kidogo kipindi chote cha matibabu na baada yake, tena wakifanya na mazoezi, kwa wastani ndio wanaorudi kwenye chakula cha kawaida haraka kuliko wenzao.

Lakini umesema unapaliwa, na hapo lazima niwe mkweli, sitakuambia uanze tu kula. Kupaliwa maana yake kitu kinaingia njia ya hewa, na baada ya mionzi kuna kitu kibaya zaidi, kupaliwa kimyakimya, yaani chakula kinaingia kwenye mapafu na wewe hata kikohozi hukipati kwa sababu hisia za koromeo zimepungua. Hivi ndivyo mtu anapata nimonia za kurudiarudia hajui zinatoka wapi. Kwahiyo omba rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya kuongea na kumeza, na uulize kama unaweza kufanyiwa eksirei ya video ya kumeza, unakunywa na kula vitu vilivyochanganywa na dawa nyeupe huku wanarekodi, au kamera ndogo ya puani. Watakuambia kipi kinapita salama: kizito, laini, chepesi, kichwa kimeinama au kimegeuzwa upande gani. Mara nyingi kubadilisha tu mkao wa shingo kunafanya mtu aliyekuwa anapaliwa na maji aweze kuyanywa.

Ukisharuhusiwa, fanya hivi. Piga mswaki kwanza, maana kikipita kitu njia mbaya ni afadhali kiwe maji safi kuliko maji yenye vijidudu vya mdomoni. Kaa wima kwenye kiti, zima tv, mtu asikuongeleshe. Maji kijiko kimoja cha chai, yashike mdomoni kidogo, kisha meza kwa nguvu zako zote, ulimi ukandamize juu, koo lote likaze. Kohoa kidogo kusafisha, meza tena bila kitu. Halafu tamka "aaa" ujisikilize, sauti ikitoka na maji maji kuna kitu kimebaki pale juu ya njia ya hewa, kohoa na umeze tena. Hapo umemaliza mara moja. Rudia mara kadhaa, pumzika, na ufanye hivyo kila siku bila kuruka. Kuna na lile zoezi la kung'ata ncha ya ulimi taratibu katikati ya meno ya mbele na kumeza mate ulimi ukiwa hapohapo, linalazimisha nyuma ya koo isukume zaidi, hilo ni la mate tu, usilifanye na chakula. Mtaalamu atakupangia yako, mi nakuonyesha tu kwamba sio mambo makubwa, ni mambo madogo ya kurudia kila siku hata siku hujisikii.

Mrija hautolewi kwa hasira pia. Unapunguza cha mrija kadri cha mdomoni kinavyoongezeka, unajipima uzito mara moja kwa wiki mzani uleule, na ukikaa wiki mbili tatu unakula kwa mdomo peke yake uzito haushuki ndio mnazungumza kuutoa. Protini lenga gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya mwili wako kwa siku, na kula kwa saa usisubiri hamu, hamu yako kwa sasa haina habari na mahitaji ya mwili.

Taya. Simamisha vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, jaribu kuviingiza wima katikati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia vitatu uko sawa. Vikiingia viwili kwa taabu una shida inayohitaji kushughulikiwa, kitaalamu tukipima chini ya milimita 35 tunasema taya limekaza. Misuli ya kutafuna ilikuwemo kwenye njia ya mionzi na inatengeneza kovu, na kovu hilo linaendelea kukaza kwa miezi na hata miaka, haliishi siku mionzi inapoisha. Dawa yake ni kunyoosha: fungua mdomo mpaka unapohisi kuvutwa (kuvutwa, sio maumivu makali), shikilia sekunde 30, achia, mara tano, na hiyo seti mara kadhaa kwa siku. Kuna wanaotumia vile vijiti bapa vya mbao vya daktari vya kukandamizia ulimi, unavipanga kimoja juu ya kingine kwenye meno, ukizoea unaongeza kimoja. Ila wewe subiri kwanza jino liangaliwe, kwa sababu maambukizi ya gego la nyuma nayo yanakaza taya, na ukilazimisha juu ya usaha unajiumiza. Taya likikaza ghafla ndani ya siku chache wakati lilikuwa linafunguka, hiyo ni taarifa kwa daktari, usiendelee na mazoezi kimyakimya.

Ukavu wa mdomo watu wanaupa majibu mawili ya uongo, "yatarudi tu" na "hayarudi tena". Ukweli uko katikati. Tezi kubwa zilizo mbele ya masikio ndizo zinatoa mate mengi mepesi wakati unakula, na zile za chini ya taya ndizo zinakulowanisha muda ambao huli, pamoja na usiku. Zote hazipendi mionzi. Mashine za siku hizi zinaweza kukwepesha dozi kwenye tezi za masikio, lengo kawaida ni wastani chini ya grei 26 hivi, na zikikwepeshwa zinarudi kwa kiasi kizuri. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa 2011, ulilinganisha mionzi hii inayokwepesha na ile ya zamani: mwaka mmoja baadae waliokuwa na ukavu wa kusumbua walikuwa asilimia 38 dhidi ya 74, na kwenye kundi lililokwepeshwa wakafika miaka miwili imeshuka mpaka 29. Maana yake ni kwamba mate yanaendelea kuongezeka mpaka mwaka wa pili, wewe wiki ya kumi hujafika popote bado. Maana yake nyingine ni kwamba kuna wanaobaki wakavu. Tezi za chini ya taya za upande wa uvimbe mara nyingi haziwezi kukwepeshwa kwa sababu tezi za shingo zenye kansa ziko hapohapo, ndio maana usiku ulimi unagandia hata kwa wale ambao mchana wako vizuri.

Mpaka hapo utaishi na chupa ya maji. Sukutua kwa chumvi na bikabonati ya soda, kijiko kimoja cha chai cha kila kimoja kwenye lita moja ya maji, mara nyingi kwa siku na kabla ya kulala, inakata ule ute mzito na inatuliza. Dawa za kusukutua zenye alkoholi tupa kabisa. Mate ya bandia, jeli na spreyi, yanasaidia dakika chache mpaka lisaa, jeli ndiyo nzuri ya usiku. Bazoka isiyo na sukari yenye zailitoli (kitamu kisichoozesha meno) inaamsha mate kama tezi zina uhai, ila kwa taya lako sasa hivi sio wakati wake. Vitu vichachu vinaleta mate kweli lakini vinakula meno ambayo hayana tena mate ya kuyaosha, usivizoee. Vipo vidonge vinaitwa pilokapini vya kusukuma tezi zilizobaki, vinasaidia baadhi ya watu, vinatoa jasho sana, ukiacha ukavu unarudi, na mwenye pumu isiyotulia au aina fulani za presha ya macho havimfai, kwahiyo uandikiwe, usinunue kienyeji. Ukiona utando mweupe au mdomo unawaka moto kuliko jana, hiyo mara nyingi ni fangasi, inatibika haraka, usiivumilie ukidhani ni mionzi.

Na hapo hapo kwenye ukavu ndio meno yanapoozea, yanaanza shingoni mwa jino pale kwenye fizi na yanaenda kasi ya ajabu, mtu aliyekuwa na meno mazuri anaweza kuyapoteza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Dawa ya meno ya kawaida ina floraidi sehemu 1000 mpaka 1500 kwa milioni, wewe unahitaji ile kali ya 5000 au jeli ya floraidi kwenye visahani vya kuvaa, kila siku, maisha yako yote. Omba kwa huyohuyo daktari wa meno siku utakayoenda kwa ajili ya hilo gego. Meno yakibaki mazima hutafika kwenye swali la kung'oa.

Ladha itarudi, na haitarudi yote siku moja. Seli za ladha zinajizalisha upya lakini zinahitaji pia mate ya kuyeyusha chakula, ndio maana mkavu zaidi anachelewa zaidi. Wengi wanaona tofauti kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya mionzi, inaendelea kupanda mpaka mwaka, baadhi wanabaki na upungufu. Kitu ambacho jana kilikuwa kama hakuna kitu mdomoni kijaribu tena baada ya wiki mbili.

Uvimbe wa chini ya kidevu, kama ni laini, ukibonyeza unabonyea, asubuhi mkubwa na jioni mdogo, huo ni maji ya limfu. Njia zake shingoni zimeharibiwa na mionzi, ukilala yanajikusanya, ukisimama yanashuka. Inaanza hivihivi miezi ya mwanzo baada ya matibabu. Lala kichwa kimeinuka. Fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) aliyesomea mambo ya limfu atakufundisha kukanda, ni mkono mwepesi sana unaosogeza ngozi tu, na unaanza chini kwenye mifupa ya mabega na kwapani kufungua njia kabla ya kugusa kidevu, watu wengi wanaanza juu wanakandamiza kwa nguvu halafu wanasema haisaidii. Tofautisha na donge: kitu kigumu, kimekaa sehemu moja, hakibadiliki asubuhi wala jioni na kinakua, hicho kionyeshe. Na pakiwa pekundu pa moto na una homa, ni maambukizi, nenda siku hiyohiyo.

Shoti ya mgongoni inatisha ila kwa kawaida ndiyo nyepesi kuliko zote. Neva za uti wa mgongo zimevikwa utando wa mafuta kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki, mionzi inapunguza kwa muda seli zinazotengeneza huo utando, na ukikunja shingo waya uliochubuka unapiga. Kemo ya sisiplatini nayo inaweza kuleta hivyohivyo. Inatokea kati ya miezi ya kwanza mpaka ya sita hivi, utando ukijijenga inaisha yenyewe, na peke yake haimaanishi unaelekea kupooza. Mwambie daktari wako ili aandike. Ila ukipata na udhaifu wa miguu, ganzi inayopanda, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, hiyo ni habari nyingine kabisa na ni ya dharura.

Hujasema kuhusu uchovu lakini nabashiri upo. Unaweza kuchukua miezi. Kutembea kila siku, hata kidogo, kunasaidia kuliko kulala zaidi. Usiupe mionzi lawama zote lakini, tezi ya thairoidi ilikuwa kwenye njia na kwa miaka ijayo robo mpaka nusu ya watu waliopigwa shingo inakuja kupungua nguvu: baridi, uchovu, huzuni, uzito kupanda bila sababu. Kipimo cha damu cha TSH kila miezi 6 mpaka 12 kinaikamata, na dawa yake ni kidonge kimoja kwa siku. Huzuni nayo ina dawa, kundi hili la wagonjwa linaumwa sonona kwa wingi na halisemi, maana kula na kuongea ndio vitu vinavyotukutanisha na watu na wewe vyote viwili vimeguswa.

Sigara. Hakuna "moja moja" kwa mtu wa hali yako kaka, nasema bila kukusimanga. Anayeendelea kuvuta matibabu yake yanashika vibaya, vidonda vinachelewa, mfupa wa taya unakuwa hatarini zaidi, na uwezekano wa kansa nyingine mpya ya mdomo, mapafu au umio unabaki juu. Ukishindwa kwa nguvu zako omba msaada, viraka vya nikotini vya kubandika ngozini vinakufaa kuliko bazoka zake zinazokwangua mdomo. Ni kitu kimoja kilichobaki mikononi mwako ambacho kinagusa kweli uwezekano wa kansa kurudi.

Usisubiri kliniki ukiona haya: damu mbichi mdomoni, kupumua kwa mluzi au kwa shida, homa na kikohozi chenye makohozi, kushindwa kumeza hata mate, mrija kuchomoka (tundu linaanza kuziba ndani ya masaa, nenda haraka). Na ya kuwahi ndani ya siku chache: donge jipya shingoni, kidonda mdomoni kisichopona wiki tatu, sikio la upande mmoja linaloendelea kuuma, mfupa kuonekana kwenye fizi, uzito kuendelea kushuka. Ikitokea kurudi, mara nyingi inakuwa ndani ya miaka miwili ya mwanzo, ndio maana mwaka wa kwanza utaitwa kila mwezi mpaka miezi mitatu, usiruke hata moja kwa sababu unajisikia vizuri.

Siku ya majibu ya skani nenda na mtu, maana peke yako utasikia nusu. Muombe daktari karatasi ya muhtasari wa matibabu: ulipigwa wapi, grei ngapi kwenye uvimbe, grei ngapi kwenye taya la kulia na la kushoto, kemo gani na mara ngapi. Piga picha uiweke kwenye simu, na nakala ibaki nyumbani, kwa sababu daktari wa meno utakayemkuta miaka kumi na mbili ijayo hatakuwa na njia nyingine ya kujua, na faili lako huenda likawa limeshahamishwa.